Watoto wenye usonji tunawapoteza darasa la tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu, walimu wakuu na wote wanaopanga ratiba za shule za msingi, kuhusu jambo linalotokea kila Januari bila mtu kulipigia kelele: watoto wenye usonji wanaopanda darasa la tatu na kuishia kurudishwa nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya Serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga. Huu ni mwaka wangu wa 17 kazini. Wiki mbili zilizopita bibi mmoja alinisubiri getini hadi nilipomaliza kusahihisha madaftari. Ni bibi anayemleta mjukuu wake shuleni kila asubuhi na kumfuata kila mchana, na miguu yake imevimba. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akanyamaza muda mrefu akiiangalia njia. Mwisho akasema: "Mwalimu, mwakani atakuwa na nani?"

Nilibabaika. Nikamwambia Mungu ni mwema. Hilo halikuwa jibu, na yeye alijua si jibu.

Mjukuu huyo nitamwita Salimu, ingawa si jina lake. Ana miaka tisa na ana usonji, yaani ubongo wake umekua kwa namna tofauti, hivyo anavyozungumza, anavyohusiana na watu na anavyosikia kelele si kama wenzake. Aliingia darasa la kwanza mikononi mwangu Januari mwaka jana, na mwaka huu mwalimu mkuu aliniruhusu nipande na darasa langu, kwa hiyo nimekuwa naye mwaka wa pili. Nimefundisha watoto wengi, lakini huyu amenifundisha kazi yangu upya, na yaliyotokea siku yake ya kwanza sijayasahau.

Kwetu mtoto asiyeamkia hana malezi, na lawama humwendea mama yake kabla hajaulizwa chochote. Niliingia darasani, watoto 84 wakatakiwa kusimama. Wakasimama, "Shikamoo mwalimu!" Mmoja alibaki amekaa, uso ameugeuzia dirishani, anakwaruza ukingo wa dawati kwa ukucha. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwendea, nikamwamuru asimame aamkie. Akaziba masikio. Mkononi nilikuwa na ile fimbo nyembamba tunayoonyeshea silabi ubaoni. Nikamchapa kiganjani mara mbili. Hakulia. Alianza kujipiga mwenyewe kwenye paji la uso, kwa kiganja kilekile nilichokichapa, kwa nguvu kuliko nilivyompiga mimi, na hakuacha hadi kengele ya mapumziko. Wenzake 83 walikaa kimya wananitazama.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila tukio liandikwe. Mimi sikuteuliwa na mtu wala sikuandika popote. Nayasema haya hadharani kwa sababu najua madarasa mengi yana mtoto aliyechapwa wiki hii kwa kutoamkia, kwa kutojibu, kwa kutomtazama mwalimu usoni, na mwalimu wake anaamini kabisa kwamba anamjengea adabu. Niliamini hivyo.

Kesho yake bibi alikuja. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu ukimwita kwa nguvu hasikii jina lake, anasikia kelele."

Tangu siku ile nikaanza kuandika. Nilichukua daftari la kurasa 80, nikaandika sentensi hiyo ya bibi kwenye ukurasa wa kwanza, na kila nilichojifunza kuhusu Salimu nikakiweka humo. Daftari hilo ndilo kiini cha barua hii, nitalirudia.

Watu wengi hudhani mtoto mwenye usonji ni bubu. Salimu alikuwa anasema, ila maneno yalionekana si yake. Katikati ya kipindi cha Kusoma, wakati darasa zima linakariri silabi, angepaza sauti: "Tanga, Tanga, bado mmoja!" Sauti ya kondakta hasa, na kiganja kinapiga ubavu wa dawati kama kinapiga bodi ya gari. Watoto wanavunjika mbavu, mimi nafoka. Ilikuwa hivyo wiki sita nzima. Siku moja nikamlalamikia bibi, naye akanishangaa. Bibi anauza vitumbua stendi, na Salimu amekulia pembeni ya karai lake. "Gari likisema bado mmoja si ndiyo linaondoka?" akaniambia. "Akichoka na mahali husema hivyo. Anakuaga, mwalimu."

Ananiaga! Wiki sita mtoto alikuwa ananiaga kwa adabu yote aliyokuwa nayo, na mimi namwambia anyamaze.

Nikabadilisha. Akisema "bado mmoja", namruhusu atoke na mwenzake hadi kwenye mwembe ulio mbele ya ofisi, anaushika, wanarudi. Dakika tatu. Mwanzoni alikuwa anatoka mara tano kwa asubuhi moja, sasa hivi mara moja, na siku nyingine hatoki kabisa. Wenzangu walinionya kwamba darasa zima litataka kwenda kwenye mwembe. Siku mbili za kwanza ni kweli walitaka. Siku ya tatu walishazoea.

Jambo la pili lilikuwa kengele. Yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa, inapigwa na kipande cha nondo, na darasa letu ndilo lililo karibu nayo. Kila ilipolia Salimu aliingia chini ya dawati. Sikuweza kuihamisha, lakini niligundua kwamba kinachomtesa zaidi ni kutojua italia saa ngapi. Nilichukua kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande mweupe, nikachora siku yetu kwa mstari mmoja: kitabu, vizibo vya kuhesabia, kengele, kikombe cha uji, kalamu, mpira, nyumba. Nikatafuta kibanio cha nguo. Kila tukimaliza kitu, kibanio kinasogea mbele. Kibanio kikikaa kabla ya kengele, Salimu anaziba masikio mapema, kengele inalia, anazibua, maisha yanaendelea. Msichana anayekaa naye dawati moja ndiye mwenye kazi ya kukisogeza, na hana mchezo na kazi hiyo. Nikisahau, ananikumbusha mbele ya darasa zima.

Nataka nieleze hapa kitu ambacho sikukitarajia. Kalenda ile imewatuliza na wengine. Watoto 84 wa miaka saba na minane wanaojua uji uko mbele kwa picha mbili hawaulizi "mwalimu, uji saa ngapi" mara 84.

Kuhusu hesabu, kila mtoto wangu huleta vizibo 20 vya soda. Salimu alivipanga mstari mmoja, kingo zikigusana, vyekundu peke yake, vya kijani peke yake, vya rangi ya chungwa peke yake, na aliyekigusa kimoja aliamsha kilio. Mwaka jana mwezi wa Mei niliacha kumnyang'anya. Nikachuchumaa sakafuni pembeni yake, nikasema taratibu, bila kumtazama usoni: "Vyekundu saba." Akaviweka. "Vya kijani vitano." Akaviweka mbele ya vile vyekundu, mstari ukawa mmoja. "Vyote vingapi?" Kimya. Nikahesabu moyoni hadi kumi, kama nilivyokuwa nimeanza kujizoeza, maana nilishaona kwamba jibu lake likija huja nikiwa nimeshahamia kwa mtoto mwingine. Nilifika tisa. Akaokota kipande cha chaki nilichokidondosha, akaandika kwenye saruji kwa mkono wa kushoto: 12. Namba zenyewe zilikuwa nzuri, zimesimama sawasawa, za mtu aliyeziangalia muda mrefu kabla ya kuziandika.

Kusoma kulikuja kwa mlango ambao hakuna kiongozi cha mwalimu kinachoutaja. Salimu alikuwa anayajua maandishi ya kwenye magari. Sikuanza naye na "mama" na "baba". Nilimwandikia vituo kwenye kadi: Hale, Muheza, Ngomeni, Pongwe, Tanga. Alizipanga kwa mpangilio wa barabara bila kukosea, kisha nikazikata kwa mkasi, silabi kwa silabi, akaziunganisha tena. Kutoka silabi hizo tukapata "hata", "leta", "meza". Leo anasoma aya fupi. Anaisoma kama kondakta, lakini anaisoma.

Kwenye semina moja ya likizo mkufunzi wetu alitusimulia habari za Donald Triplett, mtu aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi huko Marekani. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa wamweke katika taasisi, wakamweka, kisha wakaenda kumchukua baada ya kama mwaka mmoja. Daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 makala yake kuhusu watoto 11 waliofanana tabia, mtoto wa kwanza katika makala hiyo alikuwa Donald, na ndipo usonji ulipoanza kujulikana kwa jina lake la kitabibu. Kilichonigusa mimi ni kilichofuata. Donald alikaa kwa mtu na mkewe waliokuwa wakulima. Daktari alipowatembelea mwaka 1945 alikuta kwamba mtoto alikuwa na tabia ya kupimapima vitu, nao wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaletea taarifa ya kina chake. Alikuwa hawezi kuacha kuhesabu, wakamwacha ahesabu mistari ya mahindi huku analima kwa farasi. Na shule ya kijijini ilimpokea na mambo yake hayohayo. Donald alikua, akasoma hadi chuo, akafanya kazi benki katika mji uleule kwa miaka 65, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Nilirudi kutoka semina nikiwa na wazo moja tu. Wakulima wale hawakuwa madaktari wala hawakuwa na cheti cha elimu maalumu. Walimtazama mtoto hadi wakajua anachokifanya, kisha wakakitafutia kazi. Kinachonitia uchungu ni kwamba walimu wa kawaida tunaweza kufanya hivyo, na tukishafanya tunakiacha kipotee ndani ya miezi mitatu.

Niseme haraka kuhusu sababu, maana wazazi huniuliza. Usonji hauletwi na majini, wala na mama aliyevunja mwiko wakati wa ujauzito. Bibi wa Salimu ametoa mbuzi wawili kwa waganga kabla hajaja kwangu, na mama yake mtoto aliondoka nyumbani kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume. Hauletwi na chanjo ya surua pia. Makala iliyoanzisha uvumi huo ilichapwa Uingereza mwaka 1998 katika jarida la Lancet, na jarida lenyewe likaifuta mwaka 2010. Mzazi anayeiogopa sindano ataletewa surua nyumbani, na usonji hautakuwa umepungua kwa hata mtoto mmoja. Wala hauambukizi. Mama wa yule msichana wa kibanio alikuja kunitaka nimhamishe mwanawe dawati. Nilimwelewa, mzazi ni mzazi. Nikamwita msichana mwenyewe, nikamuuliza anataka kukaa wapi. Akasema, "Hapahapa, nikihama nani atasogeza?"

Sasa nije kwenye darasa la tatu.

Kabla ya Salimu nilikuwa na mtoto mwingine, msichana, nimwite Zuhura. Alikuwa darasani kwangu mwaka 2021. Hakuwa anasema hata neno moja la kondakta, lakini alijifunza kuandika jina lake, kuhesabu hadi 50, kukaa na wenzake mpaka saa ya kwenda nyumbani. Desemba nilimkabidhi kama tunavyokabidhi wote: jina kwenye orodha, alama mbele ya jina. Januari 2022 akaingia darasa la tatu katika shule yetu hiyohiyo, chumba cha pili kutoka changu.

Wasiofundisha wanaweza wasijue kinachobadilika pale. Darasa la kwanza na la pili mtoto ana mwalimu mmoja karibu siku nzima, na kipindi ni dakika 30. Darasa la tatu kipindi kinakuwa dakika 40, na kila somo lina mwalimu wake: Kiswahili huyu, Hisabati yule, Kiingereza, Sayansi, Jiografia, kila mmoja na sauti yake, mwandiko wake, na sheria zake za jinsi ya kuamkia na kuomba ruhusa. Mikondo inachanganywa upya, hivyo rafiki wa dawati anaweza kwenda upande wa pili wa ukuta. Watoto wanapangwa kwa urefu. Siku inarefuka hadi mchana. Ratiba yenyewe wiki mbili za kwanza hubadilika kila kukicha kwa sababu bado inapangwa. Mtoto wa kawaida hubabaika wiki moja akazoea. Mtoto ambaye utulivu wake wote umejengwa juu ya kujua nini kinafuata, umemng'oa kila nguzo kwa asubuhi moja.

Zuhura alikaa nyuma kwa sababu ni mrefu. Mwalimu mmoja alimsimamisha kipindi kizima kwa kutoamkia. Mwingine alimshika bega kutoka nyuma, akamng'ata. Alikimbilia darasani kwangu mara tatu, na mara zote tatu nilimrudisha, kwa sababu nilikuwa na watoto wangu wapya na nilidhani namsaidia kuzoea. Hilo nalijutia kuliko zile fimbo mbili. Mwezi wa pili mzazi wake aliitwa, akaambiwa akae naye nyumbani kwanza hadi atulie. Machi nikapita kwao nikamkuta barazani, saa nne asubuhi siku ya shule, anachora mduara kwenye vumbi kwa kidole. Alinitambua. Akanishika mkono akanivuta kuelekea njia ya shule.

Kwenye daftari la mahudhurio Zuhura ameandikwa mtoro.

Hakuna mwalimu mbaya katika kisa hiki. Wote saba ni watu ninaokula nao mihogo ofisini, na baadhi yao ni walimu bora kuniliko. Kila mmoja alikutana naye dakika 40, mara chache kwa wiki, kati ya watoto zaidi ya 80, bila kuambiwa lolote. Nilikuwa najua kwamba haguswi kutoka nyuma. Nilijua kwamba akitikisa vidole yuko karibu kukimbia. Nilijua mvua ikipiga bati lisilo na dari, mahali pake ni mlangoni anapoiona ikinyesha, si ndani anapoisikia tu. Yote nilikuwa nayo kichwani, chumba cha pili kutoka kwao, na fomu tunayojaza mwisho wa mwaka haikuwa na hata mstari mmoja wa kuyaandika.

Ninachoomba ni kidogo. Mtoto mwenye usonji anapotoka darasa la pili, aliyekuwa mwalimu wake apewe angalau vipindi vya Kiswahili na Hisabati katika mkondo huo wa darasa la tatu, hata kama ni hadi Juni tu, ili kila siku mtoto aone uso anaoujua. Abaki katika mkondo uleule na mwenzake wa dawati moja. Na kuwe na daftari. Daftari la kawaida la dukani, linaloandikwa na mwalimu pamoja na mzazi, ambalo walimu wote wapya wanakaa nalo mezani saa moja kabla shule haijafunguliwa, wanalisoma, wanaulizana maswali. Likabidhiwe kwa saini kama tunavyokabidhi vitabu na madawati. Mwalimu akihamishwa wilaya, daftari linabaki na mtoto.

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshayasikia ofisini. Kwamba walimu hatutoshi. Ni kweli, kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu na mimi nina 84. Lakini mwalimu mwenye watoto 84 ndiye hasa asiye na miezi mitatu ya kugundua upya kwamba "bado mmoja" maana yake ni kuaga. Mwenye 20 angeweza kugundua mwenyewe.

Kwamba zipo shule na vitengo maalumu. Vipo, na viko watoto wanaovihitaji, na walimu waliosomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi kule Arusha wanafanya kazi ambayo mimi siwezi. Lakini hawajafika kila shule, na bibi mwenye miguu iliyovimba hawezi kumpeleka mjukuu kitengo kilicho mbali na karai lake la vitumbua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake. Salimu yuko shule iliyo karibu na nyumbani. Amekaa miaka miwili. Sioni kwa nini tuanze kutafuta pa kumpeleka siku anapojifunza kusoma.

Kwamba darasa la nne kuna upimaji wa taifa, naye atashusha wastani wa shule. Hili linasemwa kwa sauti ya chini, lakini linasemwa, na ninaamini ndilo linalowarudisha nyumbani wengi kuliko usonji wenyewe. Walimu wakuu wanaulizwa wastani kwenye vikao, hawaulizwi nani aliyekuwepo Januari na hayupo Juni. Ningependa maofisa elimu wetu waanze kuuliza. Waje na orodha ya darasa la pili ya mwaka jana, waiweke pembeni ya orodha ya darasa la tatu ya mwaka huu, wasome majina yaliyokosekana, na kwa kila jina lenye neno mtoro waende nyumbani wakaangalie nani amekaa barazani.

Kwa wazazi, nina neno moja. Msisubiri mwalimu awaulize. Njooni mtuambie mtoto anapenda nini, anaogopa nini, anasemaje akitaka maji, anasemaje akichoka. Bibi wa Salimu hajui kusoma, lakini nusu ya yaliyomo kwenye daftari langu yametoka kinywani mwake, mengine akiwa amesimama getini na karai kichwani. Aliniambia kikombe cha uji kiwe chekundu, na kwamba akila mwacheni, asisemeshwe. Aliniambia wimbo anaoimbiwa akipandwa na hofu. Nimeuimba mbele ya watoto 84 siku ya radi, na hakuna aliyecheka.

Shule tunafunga mwanzoni mwa Desemba. Daftari la Salimu limefika ukurasa wa 61, nimelivalisha jalada la nailoni. Mwalimu mkuu amesema suala la ratiba atalitazama baada ya kufunga. Nimemwomba alitazame kabla. Bibi bado ananisubiri getini kila siku. Haulizi tena. Ananiitikia salamu, anamshika mjukuu mkono, na kabla hawajavuka barabara anageuka kunitazama.

Mwalimu wa darasa la pili,
Muheza, Tanga